Majina ya Bibi Singa

Harufu ya unga wa mbao za mninga uliolowa mvua hunitia hasira mpaka leo. Wenzangu huisifu. Mimi hunirudisha enzi za Mwingereza, ng'ambo ya mto Kilombero, kwenye kiwanda cha mbao cha Singasinga mmoja ambako mama yangu alikuwa akifua nguo.

Singasinga yule aliishi na mama yake, kizee mwembamba tuliyemwita Bibi Singa. Kutwa alikuwa akimtaja Mungu: Waheguru, Waheguru, kisha Ram, Hari, Gobind, Karim, Rahim. Alitaja huku akisukuma chapati, akakatisha kumgombeza paka, akaendelea palepale alipoachia. Mama alimuuliza mbona Mungu wake ana majina chungu nzima.

"Jina mingi, mama. Yeye moja tu."

Masika moja mto ulifurika, pantoni ikasimama. Ndipo mdogo wangu Damiani, bado ananyonya, akashikwa na homa. Hospitali ya misheni ilikuwa Ifakara, upande wa pili. Baba alikuwa na mtumbwi, na hakuna mafuriko yaliyowahi kumzuia kuvuka. Mama akanituma. Nikamkuta kilabuni, nyuma ya kiwanda.

"Shikamoo baba. Mama anasema ulete mtumbwi, Damiani anaumwa sana."

"Marahaba. Mwambie nakuja."

Mwenzake akacheka. "Mkeo anakuita kama karani wa boma." Baba akamiminiwa tena.

Nikarudi mbio nikasema anakuja. Tukangoja. Bibi Singa alimpakata mtoto, akamkanda kwa kitambaa cha maji huku akitaja majina yake polepole. Mama naye, rozari mkononi, akaingiza ya kwetu: Yesu, Mlungu. Sauti zikachanganyika. Alasiri Damiani alikakamaa, halafu akatulia.

Baba alifika jua likizama, ananuka pombe, akampokonya yule kizee maiti. Msibani shangazi akatoa hukumu: "Mtoto kaitwa majina yote hayo, angeitika lipi?" Watu wakaguna kukubali. Tangu hapo, kila wakigombana, baba alimrushia mama hilo: wewe na Mhindi wako mlimchanganyia mwanangu majina. Mama hakujibu kitu. Na mimi niliamini, jamani. Kanisani niliogopa kutaja Yesu na Maria kwa pumzi moja, nisije nikaua mtu.

Miaka mingi baadaye binti yangu mdogo alipata degedege. Nilimkimbiza hospitali, akachomwa sindano, jioni akaomba uji. Nilimlisha kando ya kitanda, hasira ikinipanda. Damiani hakukosa jina la kuitikia. Alikosa mtumbwi.

Nikaenda kwa mama nikamuuliza kama alijua. Hakuacha kupepeta mchele.

"Nilijua siku ileile."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema, angetufukuza. Wewe ungelala wapi?"