Taya la Mama la Plastiki

Ng'ombe aliyempiga mama teke alikuwa mpole kuliko wote zizini kwetu Mtinko. Mama alikuwa akimkamua, nzi akamuuma ng'ombe, naye akarusha mguu. Taya la mama likavunjika.

Alijifunga kanga kichwani, akasema litapona lenyewe. Lilishika kweli, ila likiwa limepinda. Meno yakawa hayakutani, na mama, ambaye sauti yake ilikuwa ikifika mpaka kisimani, akawa mtu wa kunywa uji na kunong'ona. Baba aliyezoea kukaripiwa akawa anazungukazunguka uani. "Nyumba imepoa," aliniambia. "Sijui hata nikosee nini."

Nikampeleka hospitali, Singida Mjini. Alipoambiwa lazima afanyiwe upasuaji, alikataa. "Nimeonyeshwa picha, sikuona kitu," alininong'oneza. "Ni moshi mtupu."

Siku tuliyoitwa tena, daktari wa upasuaji, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia mama shikamoo, kisha akamwekea mkononi kitu cheupe.

"Hili ni taya lako, mama."

Akatueleza kwamba zile picha ziliingizwa kwenye kompyuta, na mashine ikalichapa taya kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka, kwa ukubwa uleule. Mama akaligeuzageuza. Akalipitishia kidole, akakisimamisha palipopinda. Kidole cha mkono mwingine akakipeleka shavuni kwake, mahali palepale.

"Mtakata hapa?"

"Hapohapo. Tutalinyoosha, halafu tutalishikilia kwa hiki."

Daktari alichukua kipande chembamba cha chuma, akakipinda kwa koleo mbele yetu, kidogo kidogo, akikijaribu juu ya plastiki mpaka kikalala bila kuacha upenyo.

"Kumbe mnajaribisha kwanza, kama fundi nguo," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Ukishalala, tusianze kuhangaika kupima."

Mama alinitazama. "Basi mwambie baba yako aje."

Siku ya upasuaji tulikaa nje na baba, chai ikapoa mikononi mwetu. Daktari alipotoka, alisema chuma kimekaa vizuri kama kilivyokaa kwenye plastiki. Baba alimshukuru kwa Kinyaturu, maana Kiswahili kilikuwa kimemtoka kichwani.

Lile taya la plastiki mama aliliomba, akapewa. Nyumbani, kila aliyekuja kumjulia hali alilishika kwanza ndipo akakaribishwa kiti. Shangazi alilipima kwa kiganja, akalirudisha.

"Mbona dogo? Kwa maneno yako yale nilidhani ni kubwa kuliko hili."

Mama alicheka huku ameshika shavu, akimwomba asimchekeshe, bado panauma.

Daktari aliporuhusu vyakula vigumu, tulichinja jogoo. Sote tuliacha kula ili tumtazame. Mama alilitafuna paja taratibu, kisha kwa bidii, mpaka ukabaki mfupa. Akatugeukia.

"Mnanitazamia nini? Nipeni na lile jingine."