Sauti ya Chumba Namba Sita

Saa nne asubuhi. Mpishi ameinama juu ya sufuria kubwa, anasikiliza. Hafunui. Mchele usiokobolewa, aliouloweka tangu alfajiri, unataka dakika arobaini na tano za moto mdogo. Ukifunua mapema, mvuke unatoka na punje zinabaki na kiini kigumu.

Pembeni kuna beseni la mchicha na maharage machanga, vyote vimeoshwa mara tatu. "Hivi vinaingia mwisho kabisa, dakika tano tu," anasema. "Ndiyo maana vinabaki kijani. Nimefundishwa humu humu."

Na nani? Anafuta mikono kwenye aproni. "Ngoja nikusimulie."

Nyumba hii inalea wazee ishirini na sita, wengi wao wana kisukari. Mpishi huyu, mwenye miaka arobaini na minane, amewapikia kwa miaka saba. Mwaka jana daktari alipokataza wali mweupe na kuagiza huu usiokobolewa, wazee waligoma. "Babu mmoja aliniuliza tangu lini amekuwa kuku," anasema, akicheka.

Aliyekula bila kusita ni bibi wa chumba namba sita. Kiharusi kilimnyamazisha miaka mitatu iliyopita, na hana ndugu anayemtembelea. Siku hiyo mpishi alimlisha mwenyewe. Kijiko cha pili, bibi akameza, akamkazia macho.

"Kijogoo," akasema, "mboga umeziua."

Sahani ilimponyoka mpishi. Kijogoo ni jina alilokuwa akiitwa na mama yake, kwa kuwa utotoni aliamsha nyumba nzima kwa kelele. Mama alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, binti yake huyu akiwa kazini mji mwingine. Alifika kaburi limeshafukiwa.

"Haikuwa sauti ya bibi," anasema taratibu. "Ilikuwa ya mama, na kile kikohozi chake kidogo mwishoni."

Muuguzi wa zamu alikuwapo. "Nilisikia kwa masikio yangu. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kutamka neno ghafla, sawa. Lakini jina lile hapa hakuna aliyelijua."

Mwandishi wa makala haya alimpigia simu kaka wa mpishi na kumtajia jina hilo. Kisha akauliza, "Nani kakupa?" Akakata.

Wiki mbili baadaye bibi alisema tena, safari hii kabla hata ya kuonja kitu: "Kijogoo, leo usiwape mboga."

Mchicha wa siku hiyo ulikuwa mbichi, mzuri, bado una umande. Msimamizi alikuja juu. "Aliniuliza, 'Unamwaga chakula kwa maneno ya mgonjwa?' Nikamwambia nifukuze ukitaka, lakini hawali." Wazee walikula wali mtupu huku wakinung'unika.

Saa tisa muuza mboga aliyeleta mchicha ule alifika mbio, kandambili mkononi. Mdogo wake alikuwa amepulizia bustani dawa ya wadudu bila kumwambia. Watu watatu wa nyumbani kwao walikuwa wamelazwa, wanatapika.

"Dada, wazee wameshakula?"

Mpishi alimwonyesha pipa la taka, mchicha wote ukiwa ndani.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile, na bibi hajatamka neno jingine. Mpishi ameitwa hotelini kwa mshahara karibu mara mbili, amekataa. Nyuma ya jiko amelima matuta manne ya mchicha na spinachi. Anataka mwaka usiishe kabla hajaacha kununua mboga za nje.

Mchana anamlisha bibi. Bibi anatafuna polepole, macho yake yakiwa kwenye kona tupu karibu na dirisha. Kisha anajisogeza ukutani, kama anayempisha mtu aketi. Mpishi hageuki kutazama.

"Mwanzoni niliogopa," anasema, akipuliza kijiko kingine. "Sasa nangoja tu. Mara zote mbili mama alizungumza, mimi sikumwitikia. Akiniita tena, hata kama ni kunigombeza, nitaitika."