Kilele Kisicho na Majirani

Wanafunzi walimwita Mama Sumaku, ingawa hakuwa na mtoto na sumaku yenyewe ilikuwa mali ya chuo. Kazi yake ilikuwa kupima sampuli zao. Alitia kimiminika kwenye kichupa chembamba cha kioo, akakishusha ndani ya sumaku kubwa, na kompyuta ikachora mstari wenye vilele. Kila kilele kilitoka kwa haidrojeni za mahali fulani kwenye molekuli.

Alhamisi moja alipima dawa ya kikohozi ya mdogo wake, aliyeichemsha nyumbani na kuwauzia majirani. Mama yao naye aliinywa, na tangu aanze alikuwa akisinzia mchana kutwa. Mama Sumaku alihofu kwamba ndani mna vidonge vya usingizi.

Vilele vya sukari vilisongamana. Pembeni kilisimama kimoja kirefu, asichokitarajia. Akapiga simu.

"Umetia nini humu?"

"Asali na tangawizi, Dada. Kwani vipi?"

"Mashine inaonyesha kitu kingine. Mama asinywe tena."

"Yaani umenishitaki kwa mashine kabla hujaniuliza?" Simu ikakatwa.

Alitaka ushahidi, kwa hiyo akakichagua kilele kile peke yake. Kwanza uga wa sumaku uliinamishwa kufumba na kufumbua, ukawa na nguvu upande mmoja wa kichupa na hafifu upande wa pili. Haidrojeni zote zikaacha kwenda kwa hatua moja. Kisha mpigo laini wa mawimbi ya redio ukazigeuza zile alizozichagua tu. Uga ulipoinamishwa tena, zilizogeuzwa zikarudi mstarini, na za sukari zikazidi kupotea hadi zikafutana zenyewe kwa zenyewe. Zilizobaki zikapewa nafasi ya kuamsha majirani zao katika molekuli ileile. Dawa ya usingizi ingekuja na ukoo mzima wa vilele.

Kwenye skrini kilitokea kilele kilekile, kimoja. Pande zote kimya.

Mama Sumaku aligeuka akatazama sinki. Vichupa alivyovisuuza kwa asetoni asubuhi vilikuwa vimeegeshwa juu ya karatasi. Hakuvitia kwenye oveni vikauke, na asetoni hutoa kilele kimoja tu, kisicho na jirani. Ingekuwa sampuli ya mwanafunzi, angekitambua kilele hicho kabla hajaketi. Alichukua kichupa kikavu, akapima upya. Kilele hakikuwepo.

Jioni alisimama kwenye mlango wa jiko la mdogo wake, mama yao akisinzia kitini ndani.

"Ilikuwa asetoni. Yangu. Sikukausha kichupa."

"Ile ya kufutia rangi ya kucha?"

"Hiyohiyo."

"Kumbe! Mimi nachemsha mpaka vifuniko, wewe msomi huoshi hata chombo."

"Lakini mbona Mama analala mchana?"

"Nafidia," mama alijibu kutoka kitini, akiwa amefumba macho. "Nilipokuwa nakohoa usiku kucha, hukuniuliza mbona silali."

Mdogo wake akafungua chupa, akasuuza kijiko, akakifuta mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamkabidhi dada yake.

"Haya, leo mpe wewe."