Kibodi Chini ya Pazia

Shemeji yangu alikuja kuchukua kompyuta kabla hata masufuria ya khitma ya arobaini ya mume wangu hayajarudishwa kwa wenyewe. Nilikuwa chumbani, nimekaa eda, na yote niliyasikia kupitia pazia: viatu vyake, kikohozi chake cha kujipa heshima, na ile sauti ya huzuni ambayo nadhani aliiazima njiani.

"Shemeji, pole tena. Nimekuja kuchukua ile mashine ya ndugu yangu, niisimamie karakana. Wewe si umo ndani ya eda? Pumzika."

Pumzika! Kufa kufaana, ni kweli, lakini hata anayefaidi huwa anasubiri chai ipoe.

Karakana yetu ilikuwa ya kuchonga milango, njia ya Zinga. Mume wangu alichagua mbao na kusimamia mafundi; mimi nilishughulika na wateja, ambao wengi walikuwa mbali na waliandika kwa barua pepe. Mkubwa wao alikuwa mtu wa Muscat mwenye asili ya pwani hii, aliyekuwa akijenga nyumba na kutaka milango yake yote ichongwe kwetu. Bila yeye hakukuwa na karakana. Akituacha, mafundi wangetawanyika, na mimi ningetoka eda nikute banda la vumbi lenye jina la shemeji mlangoni. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani. Shemeji alilijua hilo, na eda yangu aliihesabu vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Ukoo wa mume wangu ni wafanyabiashara wa siku nyingi hapa Bagamoyo, watu wa nasaba ya Oman, na nasaba hiyo hawaisahau hata wanapopaa samaki. Mimi nimezaliwa Chalinze, mama yangu akiwauzia chai madereva wa malori. Kwa hiyo hata shangazi wa mume wangu, aliyehamia kwangu eti anikalishe eda, hakuja kunifariji. Alikuja kulinda mali ya ukoo. Alikaa ukumbini juu ya mkeka, tasbihi mkononi, akila wali wangu na kuulaumu kwa chumvi.

"Mpe," akaniambia Shangazi. "Mashine ni kitu cha mwanamume."

Akaingia mwenyewe akakiburuta nje kila kilichokuwa juu ya meza: kasha, kioo, kibodi na modemu. Shemeji akavipakia kwenye bajaji. Simu ya mezani waliiacha, kwa kuwa waya wake ulitoka ukutani na ukuta haupakiwi kwenye bajaji.

Nilimchukia shemeji siku ile kwa moyo mweupe kabisa. Kwa siku zote arobaini nilikuwa nimeitumia mashine ile kumjibu mtu wa Muscat, nikiandika kwa jina la mume wangu kama ilivyokuwa desturi yetu: tuko salama, kazi inaendelea. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Nilijiambia ni biashara tu, mteja asije akashtuka.

Mashine yenyewe mume wangu aliinunua kwenye shule moja ya misheni ilipokuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani. Ilikuwa na mfumo wa bure ambao fundi yeyote hapa mjini aliutazama mara moja akaomba ruhusa akaswali. Haikuwa na picha za kubonyeza. Ilikuwa na kioo cheusi na herufi nyeupe, na ukitaka intaneti unaandika amri, wvdial, kisha neno la siri, ambalo halionekani hata herufi moja unapoliandika. Hapo modemu inapiga simu yenyewe. Mume wangu aliiweka karibu na kitanda kwa kuwa ndiko waya ulikokuwa, na aliipenda alfajiri, laini ikiwa safi. Mimi nilijifunza nikiwa nimelala, kwa masikio. Kwanza mlio wa laini, halafu namba zinapigwa, halafu kelele ya kukwaruza kama bati linaburutwa kwenye saruji, halafu kimya. Kimya maana yake tumeingia.

Shemeji alirudi siku ya pili yake.

"Mashine yako imekufa. Inaonyesha giza tupu."

"Hilo si giza, shemeji. Ndiyo sura yake."

"Na intaneti umeificha wapi?"

"Iko ukutani. Kwenye waya wa simu."

Alikuwa na simu mbili za mkononi, moja ikining'inia shingoni, lakini ya waya hakuwa nayo. Kuingia chumbani kwangu hawezi. Yeye si maharimu wangu, na Shangazi alikuwa pale. Basi mashine ikarudi ukumbini, ikawekwa juu ya kigoda karibu na pazia, nami nikapitisha waya mrefu wa simu chini ya pazia, shemeji akauchomeka kwenye modemu. Ncha ya pili ilibaki kwenye ukuta wangu. Jambo hilo aliliona dogo.

Amri nilimwambia. Neno la siri nilikataa.

"Hilo ni langu na mume wangu."

"Mume gani tena?" akasema Shangazi kutoka kwenye mkeka. Maneno yale sijamsamehe mpaka leo.

Walinibembeleza, wakanitisha, sikulitoa. Mwishowe nikaona kibodi inasukumwa chini ya pazia, ikija kwangu taratibu na waya wake nyuma. Nikakaa sakafuni nikaandika bila kuona kitu: amri, neno la siri, kitufe cha kuingiza. Kioo kilikuwa upande wa pili, mbele ya macho yake, na hakikumsaidia chochote. Mimi nilikuwa na vidole na masikio. Laini ikalia, namba zikapigwa, bati likaburutwa, kimya.

"Umeingia," nikamwambia, nikairudisha kibodi chini ya pazia. Nikamfundisha namna ya kufungua barua, kwa kuwa nami nilitaka kujua mtu wa Muscat anasema nini. Shemeji hajui kusoma kimya. Wala kuandika. Kila neno lazima lipite mdomoni kwanza, silabi kwa silabi, hivyo nilizipata barua zote nikiwa nimeegemea ukuta.

Alipomaliza kusoma na kuanza kujibu, "Mimi... ndiye... mkuu... mpya...", niliushika waya wangu ukutani nikauchomoa. Shemeji akaitukana laini, akaizima mashine kwa hasira, akaondoka. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa pia. Alikwenda mpaka ofisi ya simu kugombana na watu wasio na kosa. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka nikala wali bila kujali umetiwa chumvi kiasi gani.

Lakini kuchomoa waya si kujibu barua. Mtu wa Muscat alikuwa ameanza kuuliza mbona kimya, mbona vipimo vya mlango mkubwa havijathibitishwa. Barua yake ya mwisho ilisema kuna wachongaji wengine. Shemeji aliisoma kwa sauti. Tulikuwa tunaing'ang'ania kamba huku mbuzi anakwenda zake.

Alasiri hiyohiyo shemeji aliamua kuandika kwa kirefu. Mkono wangu ulikuwa kwenye waya, lakini sikuchomoa upesi. Nilitaka kusikia.

"Ndugu... mteja. Mwenye... karakana... amefariki... dunia." Vidole vyake vilipiga kibodi kama anayetwanga kisamvu. "Sasa... mwenyewe... ni mimi. Mjane... wake... yuko eda. Eda... ikiisha... namwoa... mimi. Kwa hiyo... mali... ni ileile."

Nikauchomoa waya.

"Shemeji," akaita kwa furaha, "kupeleka ni kitufe gani?"

Niligundua tasbihi ya Shangazi imenyamaza.

"Umesema nini wewe?" akauliza Shangazi.

"Naandika tu, Shangazi. Ni mambo ya biashara."

"Unaandika au unaposa? Mwanamke yumo ndani ya eda, arobaini tu imepita, wewe unamposa ukumbini, mimi nimekaa hapa na tasbihi?"

"Sijamposa, nimemwambia mteja..."

"Umemtangazia Muscat nzima! Mwenye eda haposwi! Huo ukoo unaojisifia umekufundisha nini?" Nikamsikia akiinuka, magoti yakilia. "Ondoka. Mashine inaingia ndani kwa mwenyewe, na hutaigusa mpaka atakapotoka. Ukitaka kuandika, kamwandikie sheikh toba."

Viatu vikaondoka bila kikohozi. Shangazi aliiburuta mashine ndani kipande kimoja kimoja, akihema, na nilipojaribu kumsaidia akanipiga kofi mkononi.

"Na wewe usicheke. Sijafanya kwa ajili yako."

Sikuwa nacheka. Nilivirudisha vitu pale mume wangu alipoviweka, nikauchomeka waya, nikaandika amri na lile neno lake la siri. Bati likaburutwa, kikafuata kimya. Barua ya shemeji mashine ilikuwa imeihifadhi yenyewe; nikaifungua, imekamilika, inangoja kitufe. Nikaanza kuifuta kutoka mwisho. Nikafuta mali, nikafuta namwoa, nikafuta eda, nikafuta mwenyewe ni mimi. Nilifuta kwa nguvu, kana kwamba nausafisha ukuta uliotemewa tambuu.

Nikafika kwenye sentensi ya kwanza, kidole kikasimama. Mwenye karakana amefariki dunia.

Hiyo haikuwa uongo. Mtu niliyemchukia kuliko wote alikuwa ameandika maneno ambayo mimi nilishindwa kuyaandika kwa siku arobaini. Asubuhi zote zile nilikuwa nikitia jina la mume wangu chini ya barua, na mtu mmoja huko Muscat alikuwa akimjibu kama mtu aliye hai, nami nilikuwa nazisubiri zile salamu zake. Nikitaka karakana iwe yangu, ilibidi niziache salamu hizo.

Nikaiacha sentensi ya shemeji kama ilivyo. Chini yake nikaandika: Mimi ni mkewe, barua zako zote nilizijibu mimi. Vipimo vya mlango mkubwa ni sahihi, kazi inaendelea. Nikatia jina langu, nikapeleka.

Shangazi alikuwa bado amesimama mlangoni, ameshika pazia.

"Umemwandikia nini?"

"Kwamba amekufa," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.

Shangazi alikaa chini sakafuni, akaanza upya kuhesabu tasbihi. Hakunishika. Laini ilibaki wazi mpaka ilipokatika yenyewe.