Mama Mkwe Anasubiri Vifaru Vilivyo Chini ya Kitanda Changu

Admin, pole na kazi. Nifiche jina tafadhali, Kasulu ni padogo na nusu ya mtaa nawashonea nguo mimi. Nina miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani, mjane, mtoto sikujaliwa. Naishi na mama mkwe, sisi wawili tu. Wale wa "olewa tena mrembo" naomba mpite kimyakimya, kilichonileta ni kingine. Mkicheka nitawaelewa.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi simu. Katika kuperuzi mtandaoni akakutana na mchezo wa watu wa mbali: unapanga vita juu ya meza, vifaru vidogo kama kidole gumba vinatembea kwa kipimo, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Akanifundisha. Kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye sare za shule kikawa uwanja, futi yangu ya kupimia viuno ikapima mwendo wa majeshi, na vifaru vyetu vilikuwa visoda. Wageni walidhani tunacheza drafti. Nilikuwa namfunga sana, na kila akifungwa anasema, "Hivi si visoda tu! Siku tukipata vifaru vyenyewe utanikoma." Alivitafuta mpaka anaugua. Kila akivipata, kimoja bei ya mbuzi, na usafiri juu.

Aliondoka mwaka juzi kwa figo. Watu walipotawanyika nyumba ikapoa. Mama mkwe analia chumbani kwake, mimi kwangu, tukikutana jikoni tunaulizana chumvi. Nikaanza kucheza peke yangu. Nacheza upande wangu, nazunguka meza, nakaa kwenye kiti chake, nacheza upande wake. Na nilikuwa namwachia ashinde. Upweke una mambo, jamani.

Nikasema basi nimtafutie vile vifaru, hata kama hayupo. Jirani yetu mmoja, nimwite Bi Mwana, ana duka la vyombo na hufuata mzigo Kariakoo. Nikamwagiza: "Nitafutie vifaru vidogo vya plastiki, visiwe ghali." Akarudi na pakiti ya wanyama. Vifaru wa porini, wenye pembe!

"Bi Mwana, mimi nilisema vifaru vidogo!"

"Ndiyo hao, mwanangu. Nilijua ni kile Kiswahili chenu cha huku, mnyama mnampa 'vi'. Nikakusahihisha kimoyomoyo."

Yeye kwao Tanga, hasahihishwi. Nililipa. Nilipofika nyumbani nikawapanga mezani kwa hasira, nikaanza kucheka peke yangu. Mama mkwe akatoka kuona nacheka na nani.

Huyu mama alivuka mpaka zamani akitokea Burundi kwa miguu, mume wangu akiwa mgongoni bado ananyonya. Wakakaa kambini, baadaye wakapata shamba huku, leo ni Watanzania wenzetu. Akauliza kwa Kirundi, "Ibi ni ibiki?" yaani hivi ni nini. Nikamjibu, "Vifaru, mama." Akarudi nyuma kama kaguswa na moto. Nilijilaumu papo hapo. Kisha akasogea taratibu, akamshika mmoja, akagusa pembe.

"Aa, mukazana wanje, mkwe wangu," akasema, "huyu ni wa Mungu. Kile kingine ndiyo cha watu. Mimi nilikisikia mbele ya kukiona, na mtoto mgongoni akanyamaza kulia." Akamrudisha mezani. "Na hawa wanagombania nini?"

"Malisho, mama," nikadanganya.

Akavuta kiti cha mwanawe, akakaa.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili tukitoka kanisani tunacheza. Anapulizia dadu, anaiba hatua nikiangalia pembeni, na nikimkamata ananipiga kofi la bega. Yule mkubwa amemwita Bihogo, jina la ng'ombe aliyemwacha kwao siku wanakimbia. Akicheza ananisimulia utoto wa mume wangu, mambo ambayo mwenyewe hakuwahi kuniambia. Jamani, nimepata mtu wa kuongea naye.

Ng'ombe wa maskini hazai. Wiki iliyopita nimeona kijana wa Dar anauza vifaru vyake vilivyotumika, vile vya vita kabisa, bei ya kutupa kwa sababu vingine vimekatika mitutu. Sikufikiri mara mbili. Vikaja na basi. Nilipofungua boksi nikalia mpaka kichwa kikauma, ndivyo vilevile alivyokuwa ananionyesha kwenye simu. Nikavificha chini ya kitanda, lakini mama mkwe alikuwa ameshaliona boksi likiingia.

"Umeongeza ng'ombe za Mungu?"

Nikasema ndiyo, mama. Mdomo huu!

Nimekimbilia kwa Bi Mwana kuficha aibu. Wa pembe wameisha, kabakiza twiga. Nikiviweka vya vita mezani najua atainuka kwenye kile kiti na hatakaa tena, nami nitarudi kuzunguka meza peke yangu. Nikiviuza najiona namtupa mume wangu, maana hiki ndicho kitu pekee alichokitamani akakikosa. Nikivificha, naishi na uongo chini ya kitanda.

Leo ni Ijumaa. Asubuhi nimemkuta ametandika kitambaa cha kijani, ameviringisha futi yangu vizuri, anajitajia majina ya ng'ombe wengine walioachwa kule. Majina anayo ya kutosha boksi zima.

Nishaurini ndugu zangu, maana Jumapili ni keshokutwa. Nilitoe boksi, au nimwambie ng'ombe zake wamepotelea njiani kwa mara ya pili?