Nusu ya Dawa ya Gaju

Felisita wa Murukulazo si mtu wa makuu. Ana migomba na maharage yake, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kigango, na mkikutana njiani atakuuliza habari za nyumbani kwako mpaka za mbuzi. Mumewe alipofariki, rafiki wa mumewe, Idefonsi wa Kibimba, alimgabia mtamba mwekundu aitwaye Gaju. Ng'ombe wa kugabiwa, yaani wa kupewa kwa urafiki, ana taratibu zake huku kwetu: ndama wa kwanza anarudi kwa aliyekupa, ndipo mama yake anakuwa wako kabisa. Majirani tulimsifu Idefonsi, na mimi nilimsifu kuliko wote. Ndiyo maana leo nikilitaja jina lake mdomo unakuwa mchungu.

Gaju alishika mimba, Felisita akaanza kuhesabu mbolea na maziwa kama mtu aliyekwisha kuyapata. Kisha mbung'o wakamuuma malishoni. Manyoya yakasimama, macho yakatoa machozi, mbavu zikaonekana. Felisita akauza maharage ya mbegu, akanunua Ngara mjini pakiti ya unga wa njano wa kutibu nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o, akampigia simu Idefonsi, maana ndiye anayejua kuchoma sindano.

Alipofika, Felisita alimkabidhi dawa, akaingia ndani kupika ndizi. Hakutoka mpaka kazi ikaisha. Usimcheke, yeyote kati yetu angefanya hivyo hivyo. Kumsimamia mtu aliyekugabia ng'ombe wakati anamshika ng'ombe huyo ni kumwita mwizi mbele ya watoto wako.

Gaju aliamka, akala, tukafurahi. Kabla mwezi haujaisha akaanguka tena, safari hii vibaya zaidi. Ndipo Felisita akamwita Domisiana, afisa mifugo. Alichukua damu sikioni, akaipima, akarudi uso umekunjamana.

“Mama, vijidudu vimejaa,” alisema. “Hivi vikiwa kwenye damu havina akiba ya chakula hata kidogo. Vinaishi kwa sukari ya ng'ombe wako, vinaila mchana na usiku, ndiyo maana anakonda huku anakula. Dawa ya njano inaharibu mtambo unaovipa nguvu. Ukivipa dozi kamili, vinakufa. Ukivipa pungufu, vinavyobaki ni vile sugu, na kesho dawa hiyo hiyo haivitishi. Ulimpa kiasi gani?”

“Pakiti nzima. Shemeji ndiye aliyemchoma.”

Domisiana alichoma dawa ya aina nyingine aliyokuwa nayo, akasema amechelewa kuitwa.

Felisita alikwenda Kibimba kumuuliza shemeji yake kwa upole kama pakiti ilimwagika. Hakumkuta. Alimkuta mkewe, Nimpaye, mwanamke asiye na hila, aliyemkaribisha kwa mikono miwili.

“Asante sana, wifi, kwa ile nusu ya dawa uliyotugawia. Dume letu limepona, angalia linavyong'aa. Idefonsi alisema wewe mwenyewe ndiye uliyemwambia aichukue.”

Felisita aliitikia kwamba hakuna shida. Alipofika kwangu alikaa chini, akalia kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. “Angeniomba,” alisema. “Ningempa. Ningeuza na jembe, ningempa.”

Mimi nilitaka twende kwa mwenyekiti wa kijiji. Alikataa, akisema Gaju bado yu hai.

Gaju aliharibu mimba, halafu akafa.

Ng'ombe wa kugabiwa akifa, ngozi hupelekwa kwa aliyemtoa, aone mwenyewe kwamba hukumuuza. Felisita akaibeba kichwani mpaka Kibimba, mimi nikimfuata, na matusi yangu nimeyapanga vizuri. Idefonsi alikuwa uani na wazee wawili wa ukoo. Aliipokea ngozi kwa mikono miwili, akainama, sauti ikalainika.

“Pole sana, shemeji. Ugonjwa huu hauna huruma. Urafiki wangu na marehemu haujafa. Mbele ya wazee hawa ninakugabia mtamba mwingine.”

Wazee wakaanza kupiga makofi. Felisita alisubiri mpaka wakanyamaza.

“Asante, shemeji,” alisema. “Na huyo akiugua, nani atamchoma sindano?”

Idefonsi akaitazama ngozi. Nimpaye, aliyekuwa mlangoni na chai, akamtazama mumewe, kisha dume lao, akageuka na kuirudisha chai ndani.