Nta Niliyoikwangua Mwenyewe

Msumeno niliusikia kabla sijaiona karakana. Ulikuwa ukilia nyuma ya ofisi za mkoa, Tabora, miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa, nami nimetoka Goweko na barua ya ajira mkononi. Mkuu wa Karakana alinitazama vidole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kuchora jembe?"

"Najua."

"Basi kazi umeimaliza."

Hakutania. Miaka sita nilichora majembe kwenye mabango. Kazi yangu hasa ilikuwa nyumbani: natandaza gunia juu ya ubao, namimina nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nabandika magome ya mizinga mikuukuu na kutu niliyokwangua relini. Sikuanza na penseli. Mkono ulitangulia, nami nikaufuata. Ukisita, naacha nta ipoe. Vijana mnaoniuliza kanuni, sikuwa na nyingine.

Ndipo Afisa Utamaduni akaagiza picha ya njia ya misafara, itundikwe ukumbini. Mkuu akanipa mimi. Babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara hiyo. Begani alikuwa na sugu ngumu, na utotoni nilipenda kuipapasa. Wiki tatu niliitafuta sugu ile ndani ya nta. Siku vidole vilipoitambua, nilikaa chini nikalia.

Afisa alikuja, akainamisha kichwa huku na huku. "Wapagazi wako wapi, ndugu?"

"Wamepita, ndugu Afisa."

Mafundi wakacheka. Yeye hakucheka. "Warudishe kabla ya Ijumaa. La sivyo, nawe utapita."

Alipoondoka, Mkuu akaninong'oneza, "Binti yangu, mchoree watu wake. Paka juu kwa juu, yaishe."

Rangi ya mafuta haishiki juu ya nta. Ningepaka tu, wale watu wangebanduka baada ya mwaka, na bega la babu lingebaki. Mkuu hakulijua hilo, mimi nililijua. Lakini niliona haya kutoa kazi itakayobanduka. Nikashika kisu, nikaikwangua nta yote hadi kwenye gunia, nikachora wapagazi kumi na wawili wenye pembe za ndovu mabegani, wanatabasamu.

Hadi leo hajabanduka hata mmoja.

Nilipostaafu waliniaga ukumbini, mbele ya wapagazi wale. Afisa mpya, kijana, akasema, "Mama, umetuachia kazi ya kudumu."

Nikamweleza kuhusu nta niliyoikwangua, na bega la babu lililokuwamo.

"Mama nawe," akacheka, akanipa kitenge cha kuniaga, akanisindikiza hadi kizingitini. Sijashuka ngazi, mlango ukafungwa nyuma yangu.